Bwana wa Baba

Juzi, katika hoteli moja mjini Eldoret, niliona mkebe wa zamani wa maziwa umepandwa maua. Nikakumbuka alasiri ambayo mzungu wetu aliondoka.

Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wake. Kila Mama alipomuuliza mbona anajichosha kusugua mikebe ya mzungu, alijibu, "Namfanyia Bwana." Mimi nilijua bwana mmoja tu, yule wa nyumba ya mawe na mbwa wawili.

Siku hiyo bwana huyo, akiwa ameuza shamba kwa kampuni ya wanunuzi, alipakia vitu vyake kwa lori. Lori lilipopotelea vumbini, nilikimbia hadi zizini. Palinuka maziwa yaliyochacha na moshi wa kuni. Baba alikuwa ameingiza mkono mzima ndani ya mkebe, akisugua.

"Baba, wacha sasa! Bwana ameenda!"

"Huyo ameenda, Wambui," alisema bila kuinua kichwa. "Ninayemfanyia kazi bado yuko."

Leo najua alimaanisha Mungu. Wakati ule nilichungulia nyuma ya mlango, nikiogopa kwamba kuna mzungu mwingine amejificha.

Kesho yake wanunuzi walikuja na wakamuaji wao. Baba aliwakabidhi mikebe ikiwa safi, akawaonyesha ng'ombe anayepiga teke, kisha tukabeba magodoro hadi kijiji cha Yamumbi. Mama alilia njia nzima. Kazi ambayo Baba alipata huko ilikuwa ya kuchimba vyoo, na kila shimo alilinyoosha kuta kama za nyumba ya kuishi.