Kikohozi cha Mjumbe

Nilipokuwa mtoto pale Kamina, wakati nchi ikiitwa Zaire, niliwadanganya baba na mama kiangazi kizima, msimu wetu wa baridi na vumbi. Mungu ni shahidi, nilifanya kwa mapendo. Lakini uongo ni uongo. Kwa padri nilikwisha kuungama. Leo naungama kwenu.

Baba alikuwa askari wa Base, kambi kubwa ya jeshi. Alimwahidi mama kikwembe, kitenge kipya cha sikukuu, kisha kikwembe kikaonekana kiunoni mwa shangazi. Tangu hapo wazazi wangu hawakusemezana. Mimi, Ngoie, nikawa posta yao.

"Ambia baba yako bukari iko mezani. Kama hapendi, aende kwa dada yake."

Nilifika kwa baba nikasema: "Mama anasema karibu chakula."

"Ambia sitwayene, sombe yake iko na muchanga." Baba akikasirika alimwita mama hivyo, yaani raia kwa Kifaransa, kama yuko mbele ya ofisa wa serikali.

Nami kwa mama: "Baba anasema sombe yako inapita ya mama yake."

Kesho yake mama aliongeza mafuta kwenye yale majani yake ya muhogo. Nikaona dawa inafanya kazi, nikaongeza dozi.

Shida ya uongo ni kuukumbuka. Nililala nikipanga nani nilimwambia nini. Mlango ukigongwa, nadhani nimegunduliwa. Ndipo mafua yakanishika, yakashuka kifuani. Watoto wenzangu walikohoa vumbi la kiangazi, wakapona, wakarudi kucheza. Mimi nilibaki nakoroma kama lori la Base linalokataa kuwaka asubuhi. Mama akanipeleka dispansere. Sirupu ikatuliza, kikohozi kikarudi. Usiku nilimsikia akiomba rozari na kulia.

Nkambo, mama yake baba, akaja kutoka Mulongo na samaki wakavu. Aliweka sikio mgongoni mwangu.

"Hiki kifua kimefungwa na maneno," akasema. "Mu hii nyumba kuko bantu banaficha kitu mu roho."

Kwetu, mtoto asipopona, wakubwa hukusanyika. Kila mmoja husema linalomchoma, hupiga funda la maji, hulitema chini liende na hasira yake. Tulifanya Jumapili baada ya misa. Mgonjwa hukaa katikati, juu ya mkeka. Nilitamani mkeka unifunike.

Nkambo alikwisha kujaza mdomo maji, akamwonyesha mama aanze.

"Kikwembe kinaniuma," mama akasema. "Lakini nilianza kusamehe, juu ulinitumia neno kwamba sombe yangu inapita ya mama yako."

"Minyi?" Baba akaruka. "Minyi nilisema iko na muchanga!"

Funda lote la Nkambo likaishia kwenye shati la baba.

"Na weye," baba akaendelea, akijipangusa, "si weye njo ulisema niko muzuri kupita komanda wetu?"

"Weye? Hata mu ndoto!"

Wote watatu wakageuka kunitazama. Nikakohoa. Kile kimoja, nakiri, nilikitengeneza.

Nilingoja fimbo. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Baba akafuata.

"Minyi njo natukanwa, na benyewe banacheka!" Nkambo akanung'unika, akanywa maji yaliyobaki.

"Mama Ngoie," baba akasema, "kikwembe nitakuletea."

Ndipo nikatambua: posta imefungwa. Walikuwa wanasemezana wenyewe. Nililala kama jiwe, na kabla ya mvua za kwanza kifua kilikuwa kimefunguka.

Miaka mingi baadaye masista wa kituo cha afya walinieleza: hofu ikikaa sana huchosha askari wa mwili, wakisinzia, ugonjwa unapita getini. Nikamkumbuka Nkambo na sikio lake. Sikusoma sana, lakini naona yeye na dispansere walishika ng'ombe mmoja, huyu pembe, huyu mkia.

Basi nakuomba, wewe unayesoma. Mtoto akikohoa, mpeleke kwanza kwa muganga wa dispansere. Na kama una neno kwa mke wako, simama ukamwambie mwenyewe. Usimtume mtoto.