Ufito Mfupi wa Baba

Leo nimefungua stoo, harufu ya tope la mfereji ikanipiga usoni. Ufito wa baba wa kuvulia bado upo, mfupi, laini.

"Mrefu utagonga daraja," aliniambia dukani siku tuliyoununua, akiupinda kwa vidole.

Pale Birmingham, kwenye mfereji mpana wa kupitishia mashua, alivuta chambo nyuma mpaka ufito ukapinda kama upinde, akakiachia. Kikapenya chini ya mashua zilizofungwa, kwenye kivuli wanamojificha samaki.

Mimi nilikuwa darajani, namtazama. Wasichana wa darasa langu wakanikuta hapo, wakaanza kumcheka.

"Unamjua yule?"

"Simjui."

Baba alikuwa ameshainua samaki anionyeshe. Akamshusha polepole.

"Samahani, binti," akaniambia kwa Kiingereza. "Nilikufananisha na mwanangu."