Seva Iliyomfungia Mlango Yaya Mkubwa

Patron wangu, mwenye kampuni ninayofanyia kazi, husafirisha mizigo ya mgodi wa Kinsevere, na seva ya barua pepe ya kampuni naitunza mimi. Mwaka ule uchafu ulitujaa: bahati nasibu, dawa za nguvu za kiume, ankara za uongo. Nikachoka. Nikaiunganisha seva na orodha nyeusi, ile inayotaja mashine zinazojulikana kwa kumwaga takataka, ili barua zake zikataliwe mlangoni. Watunza seva wengine huzisukumia kwenye folda asiyoifungua mtu, wakanyamaza. Mimi sifichi. Ninayemkataa namwambia, na sababu nampa.

Wiki ileile mlango ukamkataa yaya mkubwa wa patron, yaani kaka yake, mzee mwenye biashara ya jumla. Alikuja ofisini mwenyewe, akapewa kiti cha patron. Kwetu mkubwa hangojeshwi nje, na patron, akiwa amesimama kando, alinigeukia.

— Yaya yangu mukubwa, unamufungiya mulango? Toa iyi liste yote leo. Ukikatala, kesho usirudiye.

Watoto wangu wanakula kwa kazi hii. Lakini hasira ilinipanda.

— Hapana, patron. Sitaitoa.

Nikamgeukia mzee.

— Papa, munisamehe. Masini yenu iko na virusi. Iko inatuma mabarua ya bwongo mu jina yenu. Ni juu ya ile serveur inabakatala.

Patron akashika kichwa. Mkubwa haambiwi uchafu wake mbele ya wafanyakazi, hilo nalijua, nami nililisema hivyo hivyo. Mzee akavua miwani.

— Bantu bote nabaandikia, hakuna mwenye ananijibu, alisema polepole. Ata batoto yangu ba ku Ulaya. Nilifikiri balishaka kunichoka.

Hasira iliniisha palepale. Barua zake zilikuwa zimelala kwenye folda za watu wenye adabu, waliompokea bila kumsoma. Mlango wangu peke yake ndio uliomjibu.

Mchana huo nilikwenda kwake, mtaa wa Karavia, nikaisafisha mashine, nikawaomba wenye orodha waitoe humo. Orodha yenyewe ipo kwenye seva yetu hadi leo. Patron hakunifukuza, ila bado hunung'unika kwamba sina heshima, na anune apendavyo. Yaya yake hunitumia barua kila asubuhi, yenye neno moja: "Imefika?"

Namjibu: "Imefika, papa."