Kikombe Alichokionja Susu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeificha dawa katika mizizi na siku ya mwisho katika kila mwili, naanza. Mimi ni binti wa Nzioka, mwana wa Mutuku, mzaliwa wa Matinyani katika nchi ya Kitui. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya sabini, mtu akikonda na kutapika chakula, watu hawakuuliza anaumwa nini. Waliuliza ni nani aliyemlisha kitu. Hospitalini walikuwa wamemwambia baba waziwazi kwamba ana saratani ya tumbo, nayo imekwisha kuenea, haikatiki. Hata hivyo, waliokuja kumjulia hali walimtazama yeye, kisha wakatazama upande wa shamba la baba mdogo, Kilonzo. Ndugu hao wawili walikuwa wamegombania mpaka, na tangu hapo hawakusemezana.

Kilonzo alikuwa mpishi Mombasa. Aliposikia habari, alikuja na furushi la karatasi: mizizi iliyokatwa vipande vyembamba, maganda ya miti, na vitu vyeusi mfano wa uyoga mkavu. Alikuwa ameuziwa na mzee wa Kichina mwenye duka la dawa karibu na bandari, aliyemwapia kwamba kwao huchemshiwa wenye uvimbe tumboni.

Susu, ndivyo tumwitavyo nyanya kwa Kikamba, ndiye aliyewazaa wote wawili. Alimwita Kilonzo jikoni, nami nikichochea moto.

"Utaionja kwanza, mbele ya watu," alimwambia. "Ukimpa bila kuonja, nitamzika mwanangu mmoja, na wa pili watamfukuza."

Ndiyo ilikuwa desturi yetu: anayekuletea cha kunywa hutangulia kukinywa, ijulikane kwamba hana nia mbaya.

Mizizi ilipochemka, mama alimimina kikombeni, kando ya kitanda cha baba, maji yake meusi, yenye harufu ya udongo uliovunda. Majirani walijaa mlangoni. Kilonzo alikishika kikombe, asikinywe.

"Yule mzee aliniambia ni kali," akasema. "Asiyeumwa asiiguse."

Mjomba Mwanzia, kaka yake mama, alicheka kicheko kikavu. "Kumbe! Dawa inayochagua mdomo. Ndiyo hiyo uliyompa mwaka jana?"

"Chunga ulimi wako, shemeji."

"Onja basi, nami nitauchunga."

Mjomba aliivuta fimbo yake karibu. Baba alikuwa amelala, akimkazia ndugu yake macho. Nami niliyaogopa macho yale kuliko fimbo, kwa maana niliona kwamba hata yeye alishuku.

Ndipo susu akainuka, akakitwaa kikombe.

"Wote wawili walitoka tumboni humu," akasema. "Kama kuna sumu, na irudi walikotoka." Akanywa.

"Mami!" Kilonzo alipiga ukelele, akampokonya, akanywa yote yaliyosalia hata yakamtiririka kidevuni.

Tulingoja. Kuku waliparua uani. Jasho lilimtoka Kilonzo usoni. Hatimaye susu akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Chungu," akasema, "lakini nipo."

Sauti ya baba ikatoka kitandani, nyembamba. "Sasa mmenimalizia dawa. Mimi nitakunywa nini?"

Aliyecheka kwanza alikuwa mjomba. Dawa ilichemshwa upya, na Kilonzo mwenyewe akamnywesha ndugu yake kijiko kwa kijiko, amemshika kichwa.

Baba hakupona. Kwa muda alilala vizuri zaidi, akaomba hata uji. Kisha akatutoka mbaazi zikikomaa. Kila nisomapo katika Biblia habari za mfalme Hezekia na andazi la tini lililowekwa juu ya jipu lake, humkumbuka baba, na huuliza kwa nini mfalme aliongezewa miaka, yeye asiongezewe. Siku hizi nasikia wataalamu wanaichunguza mizizi ya Wachina dhidi ya saratani ileile. Binti yangu, mfamasia, hunionya: kinachoua uvimbe ndani ya chupa ya maabara huenda kisimfae mtu. Huenda mzee wa bandarini alisema kweli. Huenda aliuza matumaini. Sijui.

Ninalolijua ni hili: siku ya maziko, Kilonzo na mjomba walishika majembe bega kwa bega, na hakuna jicho lililogeukia lile shamba. Susu alimzika mwana mmoja, akabaki na wa pili.

Ninyi mlioketi nami mkasikiliza, Mungu awajalie mtu wa kukionja kikombe chenu kabla yenu, na mkono wa kuwashika kichwa mnapokinywa.