Hesabu ya Watu Wawili

Mimi huuza vitenge sokoni Rumonge, na nikiinua kichwa kutoka kwenye meza yangu naiona milima, pale juu nyuma ya michikichi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuipanda kwa miguu. Niliwahi kuipita kwa gari nikienda msibani, nikatapika njia nzima. Basi mwaka jana mimi na mwenzangu mmoja, msusi wa nywele, tukakubaliana kwamba baada ya Idi tutafunga kazi kwa wiki moja, tupande taratibu hadi upande wa Bururi, tuone msitu, tupigwe na baridi, turudi. Wageni hutoka mbali kuja kutembea kwenye milima hiyo. Sisi tuliozaliwa chini yake tushindwe kwa nini?

Jibu la swali hilo lilikuwa pesa. Petroli ilikuwa imeadimika, na bei uliyoachiwa asubuhi jioni ilikuwa imeshahama. Tukakaa uani kwetu kupanga bajeti, mama yangu akiwa pembeni kwenye mkeka anachambua maharage. Sipendi kuibiwa kwa bei, kwa hiyo bajeti niliibana mpaka ikakosa pumzi. Mikahawa, hapana. Tutakula ndagala, wale dagaa wakavu wa Gitaza, kwa sababu ni wepesi na hawaozi, pamoja na unga wa uji uliokwisha kukaangwa. Viatu, vya mitumba. Shitingi moja ya plastiki ya kujifunika mvua ikitukuta njiani. Tutalala kwa watu, na mwenye nyumba tutamwachia chumvi na sabuni, maana huko juu vinapendwa kuliko noti. Pesa zote tuzivunje ziwe ndogondogo, kwa kuwa muuza ndizi wa mlimani hana chenji, na ukimpa noti kubwa umeshamzawadia. Kushuka hakukuniumiza kichwa. Kaka yake mwenzangu huleta viazi kwa lori kutoka huko juu, angetupakia bure, kwa hiyo nauli ya kurudi sikuiandika.

Kila kitu nilikisoma kwa sauti, nikijisifu. Mama aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani anaufurahia ubahili wangu, maana ni yeye aliyenifundisha.

Nikaanza kununua. Mama muuza ndagala aliniuliza kama nina sherehe, nikamwambia wapi, ni chakula changu na mwenzangu, tunakwenda kutembea milimani. Akaniuliza kama ni kutembea tu. Nikamwambia ni kutembea tu. Akanipunguzia bei kabla sijaanza hata kubishana, akaushika mkono wangu na kuniombea Mungu anitangulie. Niliondoka pale nimevimba kichwa. Niliona kweli najua kununua. Kwa wenye meza jirani nikabadilisha noti zangu kubwa, na wote walinibadilishia bila kulalamika, jambo ambalo sokoni kwetu si la kawaida. Hata hapo sikushtuka.

Muuza shitingi ndiye aliyenifumbua macho. Alikunja plastiki yangu polepole, akaniinamia.

"Dada, ulisikia nini?"

Nikamuuliza nisikie nini.

"Wewe uko na ndugu Bujumbura. Kama iko kitu, utuambie. Siye pia tuko na watoto."

Damu ilinipanda, kwa sababu pale pale nilielewa, na nilielewa kwamba nilipaswa kuelewa mapema. Katika mji wetu hakuna aliyewahi kutangaza kwamba anakimbia. Mtu hununua chakula kikavu. Hutafuta shitingi. Huvunja pesa zake ziwe ndogo, za kuwatolea wanaoziba njia. Akiulizwa, husema anakwenda kusalimia ndugu. Mimi mwenyewe nilitoka hapa nikiwa mtoto mgongoni, na maisha yangu yote nimesikia watu wakisimulia jinsi walivyoondoka. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye bei peke yake. Nilitafuta kilicho chepesi, kikavu na rahisi, na hicho ndicho mkimbizi naye hutafuta.

Badala ya kumjibu kwa upole nikapaza sauti. Nikamwambia ni vakanse, likizo, starehe, kwani watu weusi hawaruhusiwi kupumzika? Nusu ya soko iligeuka. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuamini, kwa kuwa mtu asiye na siri hafoki kiasi kile. Hadi adhuhuri ndagala walikuwa wamepanda bei na shitingi zilikuwa zimekwisha. Nikaona wanawake wawili wanashusha bidoni zao, madumu ya mawese, mbele ya mnunuzi mmoja mwenye lori, wanauza kwa bei ya kutupa, na ule ulikuwa msimu ambao kila mwenye akili huyaficha mawese yake ndani akingoja bei ipande. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nikafunga meza na kukimbilia nyumbani.

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Bidoni za mama hazikuwepo.

Lazima niseme bidoni zile zilikuwa nini. Mama ana kipande cha michikichi upande wa Gatete. Mawese anayoyapata hapo huyapanga kwenye chumba kile, na kila mwezi huuza kidogo. Ndiyo dawa zake za presha, ndiyo maharage yake, ndiyo sadaka yake ya Ijumaa. Mimi ninamlisha, lakini mawese yale humfanya asiniombe kitu, na mama yangu kuomba hapendi.

Alikuwa ameketi kitandani na bahasha mapajani. Akaninyooshea.

"Chukua, mwanangu. Ongeza kwenye safari."

Nilimuuliza kwa ukali safari gani. Nikamweleza yote tena, msitu, baridi, kurudi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Nikamwambia kama ni kukimbia ningepanda mlima wa nini, si ningevuka ziwa. Akasema mwaka waliokimbia wao boti zote zilikuwa zimezuiwa, na wao walipanda.

"Ulisoma hesabu yote, nikasikia," akasema. "Hapana nauli ya kurudi. Na hapana mtu wa tatu."

Nilisimama pale na bahasha mkononi. Nilitaka kumweleza habari ya lori la viazi, lakini nilisikia mwenyewe jinsi ambavyo ingesikika. Akaendelea, bila kulia, kwamba hanilaumu. Miguu yake haiwezi mlima, na asiyeweza mlima huachwa. Na yeye pia aliwahi kumwacha mtu. Alichoomba ni kwamba nisiondoke alfajiri bila kumuaga, maana mama yake hakuagwa.

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeutandaza ung'ongo nyumba nzima, kisha nikamkasirikia kwa kushtuka. Nilimpenda na nilitaka kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja.

Nikatoka mbio na bahasha ile na pesa zote za safari. Nilijua kwamba lori la yule mnunuzi wa mawese likishaondoka kwenda Bujumbura, mwaka wa mama umeondoka nalo. Kukosekana kwa mafuta, tulikokulaani mwezi mzima, ndiko kulikoniokoa. Lori lilikuwa bado kwenye foleni ya kituo cha mazuti, dereva amelala kivulini. Mnunuzi aliponiona akajua nimekuja kwa ajili gani, na bei ikapanda hapo hapo. Nikamwambia amemnyonya mwanamke mzee. Akanijibu kwamba yeye hakugonga mlango wa mtu, mzee alimwita. Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulinikera zaidi. Tulibishana mpaka watu wakajaa. Pesa za mama hazikutosha. Nikaongeza za viatu, nikaongeza za kulala, nikamaliza na zile noti ndogondogo, nazihesabu moja moja mbele ya macho ya watu, huku mwenzangu msusi amefika na ananiangalia. Nusu ya pesa zile zilikuwa zake. Aliitikia kwa kichwa tu, na hadi leo hajanidai.

Kulikuwa na faida moja. Watu waliponiona nanunua mawese, bidoni nzito ambazo hakuna mkimbizi angebeba, wakaanza kucheka. Waliokuwa wamekuja kuuza wakageuza mikokoteni yao. Muuza shitingi akasema kwa sauti kwamba alijua tangu mwanzo. Jioni ile soko lilikuwa limerudi kwenye kelele zake.

Nikazipanga bidoni za mama chumbani mahali pake, kisha nikamwita. Nilikuwa nimeloa jasho, na najisikia nimeshinda.

"Mama, tazama. Mawese yako iko hapa. Pesa ya safari imeisha yote. Hatuendi popote."

Alizigusa bidoni moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikingoja atabasamu. Akageuka, na hofu niliyodhani nimeiondoa ilikuwa bado usoni mwake, ila sasa haikuwa kwa ajili yake.

"Yote?"

"Yote."

"Na siku ikifika," akasema taratibu, "mutakimbia na nini?"

Nilitia mkono mfukoni mlimokuwa na zile noti ndogondogo, na sikukuta hata moja. Niliogopa, na yeye akaona kwamba nimeogopa.