Nyota ya Mjomba

Harufu ya petroli ikinipata kituoni, hata leo nikiwa na shahada yangu, linarudi swali lililoninyima usingizi utotoni: mjomba akishindwa, atasema ni mimi?

Mjomba alikuwa na gari la spoti kuukuu, la milango miwili. Kila Jumapili alishindana na magari mapya ya wanunuzi wa dhahabu kwenye barabara ya vumbi yenye kona kali nje ya Bugarama, na kila Jumapili aliachwa. Basi akafunga turbo ya injini ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kisha, ili gari liwe jepesi, akang'oa viti vyote isipokuwa chake, pamoja na mikanda. Mimi akanitandikia gunia juu ya bati. Siku niliyomsindikiza shimoni alipata dhahabu, na tangu hapo aliamini nina nyota.

"Umetoa hadi tairi la akiba, halafu unapakia mtoto?" fundi wake alimcheka.

"Huyu si mzigo, ni nyota. Mama, ingia."

Nikaingia. Injini iliponguruma, bati lilinichoma mapaja kupitia gunia. Nilitafuta kitu cha kushika, sikukiona. Nikishuka, nyota itazimika. Nisiposhuka, ile kona je?

"Mjomba, shikamoo," nilisema, maana sikujua pa kuanzia.

"Marahaba. Tulia."

"Nashuka."

Nikafungua mlango, nikakanyaga vumbi, nikaufunga kwa mikono miwili.