Ukuta wa Nne wa Fundi Milimita

Mume wangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima humwita Milimita, kwa sababu ukuta ukipinda hata kwa unene wa kucha, anaubomoa. Ukuta wa watu, nasema. Wangu haukuwahi kupinda kwa sababu haukuwahi kujengwa. Miaka kumi na mmoja jiko langu lilikuwa na kuta tatu na nailoni ya bluu. Mvua ikija na upepo, mkono mmoja mwiko, mwingine mwavuli. Nikilalamika, jibu ni lile lile: "Kesho, mama watoto." Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, sawa, lakini mke wa mfinyanzi amekosa nini?

Wala si kwamba hakuwa na muda. Akitoka kazini ananawa, anakula, anaingia chumbani kujenga. Ndiyo, kujenga! Matofali ya kuchezea, yale ya plastiki yanayobanana. Katoni la kwanza alipewa na mteja ambaye wanawe walishakua, na tangu hapo huyasaka kila wanakouza mitumba. Ametengeneza daraja, kituo cha mabasi, uwanja wa mpira wenye hadi wachezaji wa akiba. Vyote chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya beseni langu la kufulia. Ukinyoosha kidole tu, unasikia: "Usiguse!"

Basi akaitwa kupiga lipu maktaba. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akasikia habari za matofali, akaja nyumbani kuona, akashika kichwa. "Fundi, haya lazima watu wayaone!" Wiki tatu baadaye ukumbi wa maktaba ulijaa meza, vikaratasi vya "Usiguse" kila kona, na bango mlangoni: MAONYESHO YA MKUSANYIKO WA FUNDI.

Asubuhi ya ufunguzi nilitangulia kufuta vumbi, kwa unyoya wa kuku, maana kidole hakiruhusiwi. Meza ya mwisho nikakuta kitu ambacho sijawahi kukiona. Nyumba yetu! Paa letu la kijani, ngazi yetu yenye kidato kilichovunjika, hata ndoo yangu. Na jikoni, ukuta wa nne umesimama, una hata dirisha. Kikaratasi kimeandikwa: "Nyumbani kwangu. Vipimo vyote sahihi."

Damu ilinichemka. Midoli ipikie pakavu, mimi nilowe? Thubutu! Nikaung'oa ukuta ule, matofali kumi na manne na dirisha lake, nikautia kwenye mkoba. Nikachana kipande cha mfuko wa bluu, nikakibana mahali pake. Hata kulegea kililegea kama chetu.

Watu wakaja. Milimita kavaa koti la harusi yetu, anaeleza daraja hadi mate yanamkauka. Walipofika meza ya mwisho, bibi mmoja akainama. "Fundi, na hii nailoni?"

Aliitazama. Akanitazama. Nikaukumbatia mkoba. Angeweza kusema ni utundu wa watoto, watu wakacheka, nami nikarudi kwenye mwavuli wangu mpaka kufa.

"Nayo ni kipimo sahihi?" bibi akamkazia.

Mume wangu ana vituko vyake, lakini kwenye vipimo hajawahi kudanganya. Akashusha pumzi. "Sahihi kabisa, bibi. Ina miaka kumi na mmoja."

"Na anayepika humo ni nani?"

"Mke wangu. Yule pale."

"Pole, mwanangu," bibi akaniambia. Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe, fundi mzima, huoni haya?"

Jumatatu Milimita hakwenda kwa mteja. Nikasikia mchanga unamwagwa uani. Siku tatu, jamani! Kazi ya siku tatu! Nikafungua mkoba, nikamrudishia matofali yake, na nikalia mbele yake bila kusingizia moshi.

Lipu ikiwa bado mbichi, nilibandika kiganja changu chote. Akageuka, mwiko wa lipu mkononi, kinywa wazi: "Usi..." Akakifunga.

Juzi watoto walikuja kupaka jiko rangi. Baba yao akasimama mbele ya alama ile kando ya dirisha, mikono kaitandaza. "Hapa," akawaambia, "msiguse."